Faili Lililotoka Kwenye Foleni

Barua ya Shirika la Mwambao ilikuwa na kurasa mbili na mihuri mitatu. Mkaguzi Msaidizi Restituta alipoimaliza mara ya nne, aliona bado upungufu uleule: barua ilijua mhalifu ni nani, lakini haikujua uhalifu ulitendekaje.

Mhalifu, kwa mujibu wa barua, alikuwa Jean de Dieu Ciza, umri miaka ishirini na sita, mkimbizi kutoka Burundi, fundi wa kujitolea katika ofisi ya shirika hilo pale Katubuka, mjini Kigoma. Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, orodha ya waombaji hifadhi mia tatu na arobaini ilianza kutoka ofisini na kwenda kwenye anwani ya nje isiyojulikana. Jumamosi, ndugu wa watu watano waliokuwemo kwenye orodha hiyo walifuatwa majumbani mwao huko Burundi na watu waliojua hata majina ya watoto. Saa hiyo ya Alhamisi aliyekuwa kwenye chumba cha mitambo ni Ciza peke yake. Kwa hiyo shirika lilikuwa limeondoa dhamana yake. Ombi lake la hifadhi lilikuwa bado halijaamuliwa, na mwombaji asiye na mdhamini hakuwa na haki ya kukaa.

Gari la kumpeleka mpakani Manyovu lilipangwa kuondoka saa nane mchana. Ng'ambo ya mpaka, jina la Ciza lilikuwa la kumi na mbili kwenye orodha ileile aliyodaiwa kuiuza.

"Mtu anaiba orodha yenye jina lake mwenyewe?" Restituta alimuuliza bosi wake.

Mkuu wa Upelelezi, Leodgar, hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alisema wezi wajinga wapo, na kwamba alikuwa ameona wengine wakisahau vitambulisho walikoiba. Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu. Akasema, "Wewe ndiye uliyesomea mambo ya kompyuta. Una mpaka saa nane. Niletee kitu cha kushika mkononi, sio hisia."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, alikaa mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha rangi ya udongo na chupa ya chai mapajani. Askari wa zamu walikuwa wamemzoea kama wanavyozoea mbao za matangazo. Alikuwa hapo tangu Ijumaa. Restituta alisimama mbele yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Yule mama alimtazama kwa mshangao, kana kwamba salamu ile ilikusudiwa mtu mwingine nyuma yake. Akaitikia marahaba. Akasema anaitwa Révérienne, mama yake Ciza. Kisha, bila kuulizwa, akaingiza mkono ndani ya kitenge na kutoa daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Mwana wanje, mwanangu, walipomkamata aliniambia hili nisimpe mtu wa ofisini kwake. Nimpe askari. Lakini askari hapa hawajaniuliza kitu. Wewe umeniamkia."

Kurasa za daftari zilijaa mwandiko mdogo ulionyooka. Kila siku ya kazi ilikuwa na mstari wake: tarehe, saa ya kufika, na maneno "nakala imewekwa." Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi na tarakimu thelathini na mbili zilizoandikwa kwa wino mwekundu, kila moja ndani ya kijumba chake. Chini yake Ciza alikuwa ameandika: *Namba ya uhakiki ya faili la mfumo. Imenakiliwa kutoka kwa mtengenezaji siku ya kufunga ruta.* Katikati ya kurasa kulikuwa na kadi ya mama yake na vibali vya kutoka kituo cha mapokezi ya wakimbizi, vimebanwa kwa pini kwa mpangilio wa tarehe.

Restituta akalitia daftari ndani ya bahasha, akaita bodaboda.

*

Ofisi ya Shirika la Mwambao ilikuwa nyumba ya zamani yenye uzio wa michongoma. Mlinzi wake, Mzee Gervasi, alimpokea getini, akasoma kitambulisho chake herufi kwa herufi, kisha akaandika jina na saa kwenye daftari kubwa kabla ya kufungua. Saa tatu na dakika tano. Restituta alimwomba amwoneshe mahali pa kunawa vumbi la safari, akaelekezwa jikoni. Mzee mwenyewe hakuvuka kizingiti. Alisema kazi yake inaishia kwenye ngazi.

Jikoni alimkuta Agnesi, mpishi na mfanya usafi, akipanga vikombe. Agnesi alifungua friji, akatoa kopo la sukari na majani ya chai. Ndani ya friji kulikuwa na mishumaa, vitambaa vya meza na mkate.

"Siafu, Afande," Agnesi akaeleza alipoona mgeni anatazama. "Humo hawaingii. Ilikufa wiki ya Pasaka, nikaona ifanye kazi nyingine. Wakubwa hata hawajui. Anayetaka maji si ananiita tu, nampelekea."

Restituta akacheka, akafuta mikono, akaenda kwenye chumba cha mitambo.

Nickson, mkuu wa kitengo cha teknolojia, alikuwa anamsubiri. Alikuwa kijana mtanashati aliyeletwa kutoka Mbeya, miaka mitatu sasa Kigoma, na tangu afike alikuwa akihesabu miaka hiyo mbele ya kila mgeni. Alionesha mashine moja baada ya nyingine kwa adabu ya mtu anayetembeza wageni nyumbani kwake. Iliyohusika ni ruta, kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani, ambamo kila taarifa ya ofisi hupita kwenda nje. Ilikuwa ya zamani, ya msaada. Betri ya akiba iliyokuwa chini yake ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, ruta inazima, umeme ukirudi inaamka yenyewe.

"Na ikiamka inasoma faili la mfumo," Restituta alisema.

"Kama kawaida. Faili hilo ndilo akili yake. Bila hilo ni bati tu."

Akamuuliza nani aliliweka, na lini. Nickson alijibu bila kufikiri: Ciza, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ruta ilipofungwa. Tangu hapo halikuguswa na mtu. Restituta aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamwomba atie sahihi chini yake. Nickson alitia, huku akitabasamu.

Wakaanza uhakiki. Restituta aliunganisha kompyuta yake na ruta, akaandika amri ya kuitaka ikokotoe namba ya uhakiki ya faili lake, namba inayobadilika yote hata herufi moja ya faili ikiguswa. Ruta ilihesabu kwa muda mrefu, nukta zikisogea kwenye kioo kama chungu waliobeba punje. Mwishowe ikatoa tarakimu na herufi thelathini na mbili. Alizilinganisha na ukurasa mwekundu wa daftari la Ciza. Zilifanana, zote.

Nickson alishusha pumzi kwa sauti. Alisema ndivyo alivyotarajia. Faili ni safi, ruta ni nzima, kwa hiyo tatizo si mashine bali ni mtu mwenye neno la siri, na siku hiyo aliyelitumia anajulikana. Akaongeza kwamba anamhurumia yule dogo, kwani alikuwa mchapakazi.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Kwa dakika moja nzima Restituta alikaa akiitazama namba ile. Kisha akajiuliza swali ambalo mwalimu wake wa chuo alipenda kuwauliza: nani aliyejibu? Ruta ndiyo iliyojibu. Na ruta ilijibu kwa kutumia akili ileile iliyotuhumiwa. Alikuwa amemwita mshukiwa na kumuuliza kama ni mwaminifu, na mshukiwa akasema ndiyo.

"Naitoa kadi," akasema.

"Kadi gani?"

"Kadi ya kumbukumbu. Ile yenye faili."

Nickson alisema kuitoa kunaweza kuharibu mashine. Kisha akasema inahitaji kibali kutoka makao makuu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba gari la saa nane halitasubiri majaribio. Restituta alimwita Agnesi na Mzee Gervasi wawe mashahidi. Mzee aligoma kuvuka ngazi mpaka alipoambiwa ni amri ya polisi. Akavua kofia, akaingia kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Mbele yao Restituta alizima ruta, akachomoa kadi ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti, akaandika namba yake, wote wakasaini. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, kwa kifaa kinachoruhusu kusoma tu bila kuandika.

Mara hii aliyehesabu hakuwa mtuhumiwa.

Namba iliyotoka haikufanana na ile nyekundu hata kwenye herufi ya kwanza.

Alipiga simu Dar es Salaam, kwenye maabara ya polisi, na baada ya kuzungushwa zaidi ya saa mbili akampata Feliksi, mwenzake wa darasa moja. Alimtajia jina la faili na toleo lake, akamwomba amsomee namba iliyotolewa na mtengenezaji. Akaiweka simu kwenye sauti ya wote.

"Uko tayari?" Feliksi alisema. "Nne. E kama embe. Nane. Nane tena. B kama bahari..."

"Huku ni ziwa," Restituta alisema.

"Basi b kama boga. Usinichekeshe, nitapotea."

Agnesi alishika daftari la Ciza na kufuata kwa kidole kijumba baada ya kijumba. Feliksi alipofika cha thelathini na mbili, kidole cha Agnesi nacho kilifika mwisho. Namba ya Ciza ilikuwa ya kweli. Faili ndilo lililokuwa limebadilishwa, tena kwa ustadi, kwani lilifundishwa hata kutaja namba ya faili la awali, marehemu ambaye lilikuwa limevaa nguo zake.

Nickson akasema, "Basi ni mbaya zaidi kwake. Nani mwingine anaweza kufanya kitu kama hicho humu ndani?"

Swali lilikuwa la haki. Restituta aliliandika.

*

Kwenye kioo alifungua orodha ya mafaili yote ya kadi, kwa mpangilio wa jinsi yalivyowekwa. Kila faili lilikuwa na nafasi yake, na nafasi hizo hazidanganyi: kinachowekwa leo hukaa nyuma ya kilichowekwa jana.

Kulikuwa na nakala za akiba za Ciza za wiki iliyopita, moja kwa kila asubuhi, alizozipa majina ya siku kwa mkono. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Kisha faili la mfumo. Kisha Alhamisi. Kisha Ijumaa, siku aliyokamatwa.

Restituta alimgeukia Mzee Gervasi, ambaye alikuwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Mzee, umewahi kusimama foleni ya mgao pale kituoni?"

"Nimewahi kuilinda, Afande mwanangu. Miaka ya nyuma, walipokuja wale wa kwanza."

"Mtu akitoka kwenye foleni, akaenda zake, akarudi?"

"Anaanzia nyuma. Hata awe nani."

"Faili hili liliwekwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Lilipaswa kuwa la kwanza kabisa, mbele ya yote. Mbona liko nyuma ya Jumatano?"

Mzee alisogea, akatazama kioo, akasema taratibu kwamba basi halikuwa lile. La kwanza liliondolewa, na hili lilikuja Jumatano, baada ya kijana kuweka nakala yake ya asubuhi.

"Na kabla ya Alhamisi," Restituta alimalizia.

Nickson alisema Alhamisi ndiyo siku taarifa zilipoanza kutoka, sio Jumatano. Restituta alimkumbusha alichokubali mwenyewe: ruta husoma faili lake inapoamka. Faili jipya likiwekwa wakati ruta iko macho, hukaa tu kwenye kadi likisubiri. Halifanyi kazi mpaka umeme ukatike na kurudi. Kwa hiyo siku ya uhalifu haikuwa siku ya matokeo yake, na Ciza alikutwa kwenye matokeo.

"Saa ngapi liliwekwa?" Agnesi aliuliza. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya asubuhi ile.

Kioo kilijibu: tarehe mosi Machi, 1993, saa sita na dakika hamsini na mbili usiku.

Nickson alicheka kweli sasa, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alieleza kwamba ruta hii haina betri ya saa. Kila inapozima inasahau tarehe, na kila inapoamka inadhani ni saa sita kamili usiku, Machi mosi, 1993. Saa yake haina maana yoyote. "Ni kama kadi za kituoni," akasema. "Wote wamezaliwa Januari mosi."

Restituta alikumbuka kadi ya mama Révérienne, iliyokuwa ndani ya daftari pamoja na vibali. Kweli, Januari mosi. Karani akikosa tarehe huandika hiyo. Lakini mwaka ulikuwa wa kweli, na kijiji kilikuwa cha kweli. Tarehe ya kubuni ilikuwa imezungukwa na mambo ya kweli.

"Inaamka saa sita kamili usiku?" aliuliza.

"Kila mara."

"Basi haisemi ilikuwa saa ngapi. Inasema ilikuwa imekaa macho dakika hamsini na mbili." Akafunga kalamu. "Mzee Gervasi, jenereta inawashwa na nani?"

Kicheko cha Nickson kiliisha.

Jenereta iliwashwa na Mzee Gervasi, na hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. Dizeli ilikuwa ya shida, kwa hiyo kila alipoiwasha na kuizima aliandika, na kila ilipowashwa nje ya saa za kazi aliandika pia kwa ombi la nani na kwa ajili gani. Hakuna aliyemwagiza, alisema aliwahi kulaumiwa kwa dizeli ambayo hakuinywa. Alitoka, akarudi na daftari lake kubwa, akalifungua kwa vidole vilivyolowa mate.

Jumatano. Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Jenereta iliwashwa saa nne na dakika tano, ikazimwa saa tisa na nusu alasiri wafanyakazi walipoondoka. Umeme haukurudi mpaka Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Lakini katikati ya mistari hiyo kulikuwa na mmoja zaidi: jenereta imewashwa saa kumi na dakika tano jioni, imezimwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Na chini yake, kwa herufi kubwa za Mzee: OMBI LA BW. NICKSON. SAMAKI.

Mzee aliondoa kofia aliyokuwa ameivaa tena. "Alinunua migebuka kule Kibirizi, Afande. Akaniambia nisiiache ioze."

Asubuhi ya Jumatano ruta iliamka saa nne na dakika tano. Ukiongeza hamsini na mbili, inakuwa saa tano kasoro dakika tatu. Jioni iliamka saa kumi na dakika tano; ukiongeza hamsini na mbili, inakuwa saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Faili liliwekwa kwenye moja ya nyakati hizo mbili. Restituta hakutaka kuchagua kwa moyo. Saa tano asubuhi, Agnesi alikumbuka, wote walikuwa uwanjani, ofisi nzima, wakipokea wageni kutoka makao makuu, chumba cha mitambo kimefungwa na ufunguo uko mfukoni kwa mkurugenzi. Kulikuwa na picha ya pamoja ukutani, ya siku hiyohiyo. Ciza alisimama wa mwisho kulia, amekunja mikono. Nickson alikuwa katikati.

Ilibaki jioni.

Restituta alipiga simu kituo cha mapokezi kule ziwani. Aliyepokea alikuwa Mélanie, karani wa getini, Mrundi, aliyezungumza Kiswahili kwa kupanda na kushuka kama mtu anayepita kwenye mawe. Alisema hawezi kusoma daftari la geti kwa mtu asiyemjua. Restituta alimsifu kwa hilo, akampa namba ya kituo cha polisi ili athibitishe. Dakika kumi zikapita. Ilikuwa saa saba na dakika tano simu ilipolia.

"Jumatano, Ciza Jean de Dieu amerudi saa kumi na dakika kumi na mbili," Mélanie alisoma. "Kibali chake kiliisha saa kumi na nusu. Hajawahi kuchelewa, Afande. Akichelewa mara moja tu, hatoki tena mwezi mzima."

"Alitoka tena jioni ile?"

"Nani anatoka? Geti nilifunga mimi."

Restituta alitafuta kibali cha Jumatano kwenye daftari la bluu. Mhuri, saa, sahihi ya Mélanie. Kamba aliyofungwa nayo Ciza kila jioni ndiyo iliyokuwa inamfungua sasa.

*

Nickson alipoketishwa kwenye kiti cha wageni, mbele ya mashahidi wale wale, alikuwa amepata muda wa kujipanga. Alisema kweli alirudi ofisini Jumatano, ni jambo dogo, alilisahau. Alinunua migebuka mingi ya kutuma nyumbani Mbeya. Aliiweka kwenye friji, akamwomba Mzee awashe jenereta, kisha akaenda kumwona jamaa yake mtaani Kasingirima. Alirudi saa kumi na moja na dakika kumi na tano, akachukua samaki wake, akaondoka. Chumba cha mitambo hakuingia. Mtu yeyote angeweza kuruka michongoma wakati ule.

Mzee Gervasi alitikisa kichwa.

Restituta aliandika yote. Akauliza samaki walikuwa wangapi. Thelathini. Walikuwa kwenye nini? Mfuko wa plastiki mweusi. Aliwaweka wapi ndani ya friji?

"Juu. Kwenye barafu."

"Walipotoka walikuwaje?"

"Wameshaanza kuganda. Kwa nini?"

Restituta aliinuka, akawaomba wote wamfuate jikoni. Agnesi ndiye aliyefungua mlango wa friji, bila kuambiwa. Nickson aliitazama sukari. Akaitazama mishumaa na vile vitambaa vya meza vilivyokunjwa vizuri, vikavu kabisa. Miaka mitatu aliletewa maji mezani, hakuwahi kuyafuata.

"Tangu Pasaka, bosi," Agnesi alisema, karibu kwa huruma. "Haijagandisha hata maji."

Nickson aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipoanza kusema, alisema chini chini, na sehemu kubwa Restituta aliijua tayari. Kulikuwa na mtu aliyejitambulisha kama mfanyabiashara wa vitenge. Mtu huyo alimpa faili likiwa tayari. Yeye alitakiwa kuliweka tu. Yule mfanyabiashara alijua watu wakubwa. Aliahidi kwamba kabla ya mwisho wa mwaka barua ya uhamisho ingetoka.

"Uhamisho wa kwenda wapi?" Restituta aliuliza.

"Popote," Nickson alisema. "Nilidhani ni majina tu, Afande. Majina yako kila mahali."

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano. Restituta alipiga simu kwa Leodgar, akamweleza kwa sentensi sita. Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikisukumwa.

"Dereva aliona mawingu, akaogopa mvua," Leodgar alisema. "Wameondoka saa saba na robo."

Restituta alikata, akapiga kizuizi cha Mwandiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, na Mzee Gervasi akaanza kusali Baba Yetu kwa Kiha, kimya, midomo tu ikicheza. Mara ya nne askari mmoja aitwaye Martini alipokea akitafuna kitu. Akasema ndiyo, gari la polisi lipo hapa, dereva ananunua ndizi.

"Mwambie anunue nyingi," Restituta alisema. "Halafu ageuze gari."

*

Ciza alifika Katubuka saa tisa na dakika kumi, bado ana alama ya pingu kwenye vifundo vya mikono. Gari lilikuwa limepitia kituo cha polisi kumchukua mama yake, naye aliteremka nyuma yake na ile chupa ya chai. Hawakulia. Révérienne alimshukuru Restituta kwa Kirundi, *urakoze cane*, mara moja tu, kisha akakaa ukumbini ambapo angeweza kuona mlango wa chumba cha mitambo.

Feliksi alikuwa ametuma faili halisi. Kadi ya zamani ilifungwa kwa lakiri kama kielelezo, na Ciza akatayarisha mpya: akarudisha nakala zake zote kwanza, kwa mpangilio wa siku, ndipo akaweka faili la mfumo. Restituta alimwambia angeweza kuliweka mbele, lionekane kama zamani.

"Hapana, Afande. Limekuja leo. Likae mwisho."

Likahakikiwa kwenye kompyuta ya nje, sio kwenye ruta. Agnesi alisoma ule ukurasa mwekundu, Ciza alisoma kioo, Mzee Gervasi akahesabu kwa vidole, na wote watatu wakafika thelathini na mbili pamoja. Ruta iliamka Machi mosi, 1993. Ciza hakuitazama saa hiyo. Alifungua daftari lake la bluu, akaandika tarehe ya leo kwa mkono, na mbele yake: *imehakikiwa.*

Kisha akakiangalia kibali chake. "Saa kumi na nusu, Afande. Lazima niwe getini."

Restituta alichukua kibali, akaandika chini ya saa ile: *Aongezewe muda kwa kazi ya polisi.* Akasaini, akapiga mhuri. Kisha akatoa kwenye mkoba orodha iliyovuja, kurasa kumi na moja, akaiweka mezani kati yao, na simu mbili pembeni.

"Kuna watu zaidi ya mia tatu ambao ndugu zao bado hawajui wahame nyumba," akasema. "Mimi Kirundi changu ni salamu ya amahoro tu. Utasema wewe. Mimi nitapiga."

Ciza alivuta kiti. Kule ukumbini mama yake alisogeza benchi lake, likalia sakafuni, mpaka likafika mlangoni. Alimimina chai kwenye mfuniko wa chupa, akausukuma mezani.

Restituta alipiga namba ya kwanza. Ikaita.

"Amahoro," Ciza alisema.